Mwethya wa Wanagenzi

Majembe ya wanagenzi yalikuwa mepesi, mipini yake mifupi, kwa sababu Kavata ndiye aliyeyachagua. Asubuhi ile ya Oktoba, yalipoegemezwa kwenye ua kando ya majembe ya wakubwa, yalionekana kama vifaranga waliopotelea kwa jirani.

Kwa miaka mingi Kavata alikuwa ameulea mwethya wake mdogo hapo Kathonzweni, kikundi cha wake wachanga na wageni wasiozoea kuchimba makingamaji. Walisaidiana shamba kwa shamba kama mwethya wowote, ila kwao kila mtu alichimba kadiri ya nguvu zake, na udongo waliutupa chini ya mteremko, maana kuutupa juu huvunja mabega. Mwenye mtoto mchanga alikaa kivulini akanyonyesha, wala hakutazamwa kwa jicho la pembeni. Lakini sasa naibu wa chifu alikuwa ameamua. Sururu na mitaimbo ya serikali ingepewa kikundi kimoja tu, kwa hiyo mwethya mdogo uingie ndani ya mkubwa.

Na mkubwa ulikuwa na sheria zake: filimbi, ufito wa kupimia, fungu la kuchimba la urefu mmoja kwa kila mtu, udongo juu. Asiyemaliza fungu lake alirukwa kwenye zamu, na shamba lake halikuchimbwa mpaka msimu mwingine.

Kavata alimwogopea Kalunde. Binti huyu aliolewa kutoka Nuu, hana ndugu hapa, na mapacha wake walikuwa bado wachanga. Shamba lake lilining'inia mteremkoni. Mvua zilizopita zilikuwa zimechukua mahindi pamoja na udongo wake, na zijazo zingemwachia mawe.

"Mwaitu, nikishindwa je?" Kalunde alimnong'oneza, kama mtu anavyomsemesha mama yake.

"Nitakuwa karibu nawe."

"Ala! Nasari imefunguliwa!" Mutindi wa mwethya mkubwa alipaza sauti. "Mmekuja na uji?"

"Tumekuja na vikombe," Kavata akajibu. "Uji tumeambiwa uko kwako."

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha filimbi ikalia. Mama Musembi, kiongozi wao, alimweka Kavata mwisho wa mstari, na Kalunde kule kando ya Mutindi.

Kavata alichimba huku shingo imegeuka. Kila Kalunde alipojinyoosha kushika kiuno, naye aliacha kuchimba. Kila mapacha walipolia kivulini, jembe lake liliganda hewani.

Ndipo alipoona. Mutindi alikuwa amevuka kigingi cha mpaka wa fungu lake. Mdomo wake haukupumzika, "Huko Nuu mnachimba kwa kijiko?", lakini jembe lake lilikuwa ndani ya fungu la Kalunde, likiumega udongo na kuurusha juu. Na upande wa pili, mwanamke ambaye Kavata hakumjua hata jina, naye alikuwa amevuka. Hakuna aliyewatuma. Kavata alihisi kitu kama wivu, kisha akauonea aibu wivu wenyewe. Alikuwa ameamini kwamba huruma ya mahali hapa aliifuga yeye peke yake, uani kwake, kama kuku.

Mama Musembi alipofika na ufito, aliziangalia alama za majembe, akamwangalia Mutindi, kisha akayageuza macho kwenye vilima.

"Kalunde amemaliza," akasema. "Jumatano tuko kwake."

Kalunde akaufunika uso kwa leso.

Ufito ukaendelea hadi mwisho wa mstari. Fungu la Kavata lilikuwa halijafika nusu.

"Na hapa, Mama Nzioka?" Mama Musembi akamuuliza Kavata.

Kavata aliinamia jembe lake. Kabla hajaliinua, mtu alitua shimoni kwa kishindo, vumbi likaruka. Alikuwa Mutindi.

"Toka, hili ni langu," Kavata alisema.

"Songa, mwaitu," Mutindi akajibu, bila kuinua kichwa. "Unanizuia."

Kavata alisimama kidogo, mkono ukiushika mpini. Halafu akasonga.