Hodi ya Mara Tatu

Mzee Kasimiri wa Kasansa hakuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni. Jua halijafika utosini, kijiji kizima kilishasikia kwamba ushirika umemnyima mashine ya kuvuna mpunga.

"Nimeomba kwenye simu mara tatu," alimwambia mkewe, "mara zote inanijibu kosa namba nne. Mtu mzima akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, anageuza. Nimegeuza."

"Waambie na kweleakwelea wageuze," alisema Romana. "Wameshatua bonde la pili."

Hilo lilimchoma. Mpunga ulikuwa umeinama kwa kuiva, na ndege wale wakitua shambani hawaachi hata mbegu. Akapanda kwenye kichuguu, ndiko mtandao unakoshika, akampigia Fausta, binti wa dada yake, anayetengeneza programu za ushirika Mpanda mjini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmeninyima mashine kwa nini? Kila nikiomba, kosa namba nne."

"Nani kakunyima? Ukinyimwa inaandika saba. Kumi na nne ni nyumba imefungwa, rudi baadaye. Nne ni wewe kuchoka kungoja jibu."

"Mimi sijachoka!"

"Simu yako imechoka, mjomba. Wenyeji labda wamekusikia, labda hawakukusikia. Nne peke yake haisemi." Akatafuta kwenye kompyuta yake, kisha akaangua kicheko. "Wamekusikia! Maombi matatu, kama mtu aliyetangaza ndoa tatu Jumapili moja. Na mwenye zaidi ya moja hapangiwi mashine mpaka apunguze. Zinapangwa leo jioni. Futa mawili. Ila angalia, kila ukibonyeza linaondoka moja. Na mimi siruhusiwi kukufutia."

Kasimiri akabonyeza. Likafutika. Akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka weee, kisha: kosa namba nne.

Kidole gumba kikainuka chenyewe. Chini ya kichuguu Romana alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Bonyeza, bwana! Lini wewe ulingoja mtu?"

Kidole kikabaki hewani. Kama la pili limeshafutika, kubonyeza ni kufuta la mwisho, na ndege watakula mpunga wa msimu mzima. Kama halijafutika, kutobonyeza ni kulala bila mashine. Maisha yake yote, Kasimiri hakuwahi kusimama njia panda bila kushika upande papo hapo. Safari hii akashusha kidole pembeni, akafungua palipoandikwa "maombi yangu". Kiduara tena. Akangoja. Siafu wakampanda mguuni. Akangoja.

Ombi moja.

"Limebaki moja!" akapiga kelele, akijikung'uta siafu.

"Umebonyeza?"

"Nimeangalia."

"Wewe? Umeangalia kwanza?" Romana akafunga khanga vizuri. "Ngoja niwaambie majirani. Hii kubwa kuliko ile ya kunyimwa."

Kesho yake asubuhi mashine iliingia Kasansa ikinguruma. Dereva akaulizia shamba la Kasimiri, na wanawake waliokuwa wakiteka maji wakamjibu kwa pamoja: "Yule bwana wa mashine tatu? Nyoosha hivyo hivyo."

Akamkuta mzee ameshatangulia shambani, ameanza kumwelekeza kwa mikono miwili kabla hata hajaulizwa kitu, huku mstari wa kwanza wa mpunga ukimezwa na mashine.