Gauni ya Damu ya Mzee

Seline alirudi Kisumu kutoka chuo cha ukarani Nairobi na vitu vitatu: cheti cha kupiga taipu, mchumba anayeitwa Walter, na ukurasa mmoja aliouchana kwa jarida la fasheni la rafiki yake bila kuomba ruhusa.

Kwa huo ukurasa kulikuwa na mama mzungu amesimama kwa ngazi, amevaa suti ya rangi ambayo Seline alishindwa kuitaja. Si nyekundu. Si zambarau. Kahawia pia si kahawia. Jarida liliiita bagandi, na Seline, ambaye alikuwa amesoma mpaka maandishi madogo ya chini, angekueleza yote hata ungemwamsha usingizini: kwamba jina lilitoka kwa mvinyo wa huko Ufaransa, kwamba zamani rangi nyekundu za namna hiyo zilikuwa za wafalme na maaskofu, kwa sababu dawa ya kutia kitambaa rangi ilitoka kwa vidudu vidogo vilivyokaushwa vikasagwa, na maskini angevitoa wapi? Sasa ni mwaka wa tisini na moja na bagandi imerudi. Mwanamke akiivaa, jarida lilisema, anawaambia watu bila kufungua mdomo: mimi si mtoto, niheshimuni.

Na hayo ndiyo maneno Seline alitaka kuwaambia watu wa kwao Walter.

Maana walikuwa wanakuja Jumamosi. Walter alikuwa anafanya kazi kwa mpango wa mpunga pale Ahero, lakini kwao ni Nyakach, ndani huko nyuma ya Katito, na wazee wake walikuwa wametuma neno kwamba wanakuja nyumbani kwao Seline, mtaa wa Kaloleni, kuomba msichana. Siku kama hiyo ina mpango wake. Wageni wanaketi, msemaji wao anazunguka na maneno weee, halafu msichana anaitwa aseme mbele ya watu kama anawajua. Akisema anawajua, chakula kinaletwa. Wageni wakila, basi, mambo yameiva. Wakiinuka bila kula, hakuna ndoa, na mtaa mzima utajua kabla jua halijatua.

Seline akaenda mjini, akabishana na Mhindi wa vitambaa karibu saa nzima, akarudi na bagandi yake chini ya kwapa. Akaifungua juu ya meza akingoja watu washangae.

Baba yake, Mzee Dalmas, aliinua miwani. "Hii si ni ile ya sweta za shule ya msingi?"

"Baba! Hii ni rangi ya wafalme."

"Basi wafalme wengi wanapita hapa asubuhi na vikombe vya uji."

Mama yake, Selpha, hata hakucheka. Aligusa kitambaa kwa kidole kimoja. "Seline, nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, Mama."

"Na mbona ni nyeusi nyeusi hivi?"

Kwa fundi ndiyo alipata afueni kidogo. Mama Rehma alikuwa na cherehani yake kwa veranda, nyumba ya nne kutoka kwao. Alikuwa Mswahili wa Kisumu hapa hapa, babu yake akiwa wa pwani na nyanya yake Mluo. Aliona kitambaa akapiga makofi. "Damu ya mzee! Rangi tamu kabisa hii. Mimi niliolewa nayo."

"Inaitwa bagandi."

"Huko kwenu chuoni. Hapa ni damu ya mzee."

"Mzee gani sasa?"

"Mzee yeyote, mama. Damu ya kijana inawaka, ya mzee imetulia. Lete picha tuone."

Seline akatoa ukurasa. Mama Rehma akautazama, hasa pale sketi ilipokomea, juu ya magoti, akaurudisha polepole. Seline akachukua kule kunyamaza kuwa ni ndiyo, akaenda zake akiimba.

Ijumaa jioni alipokuja kuchukua suti yake, hapakuwa na suti. Kulikuwa na gauni moja ndefu mpaka kwa vifundo vya miguu, mikono mpaka kwa viganja, kola nyeupe shingoni, na kitambaa cha kichwa cha rangi ile ile.

"Mama Rehma, hii ni nini?"

"Ni heshima. Wakwe wanakuja kuona magoti? Kitambaa kilitosha, nisingekata nikitupe. Na hiyo kola nyeupe nimekupa bure, uso ung'ae."

Kesho yake wageni wanafika, utafanya nini? Seline alivaa, akajitazama kwa kioo cha kabati. Alipendeza. Hiyo ilikuwa kweli, alipendeza sana, lakini hakufanana na yule mama wa kwa ngazi hata kidogo. Alifanana na mtu mwingine. Nani? Alijigeuza huku, akajigeuza huku, hakumpata huyo mtu.

Jumamosi saa tano wageni wakaingia. Mzee Oduor, ndugu ya baba yake Walter, ndiye alikuwa msemaji. Na Mama Adero, shangazi yake Walter aliyemlea tangu mama yake afariki, amevaa nguo nyeupe na kilemba cheupe. Kila mtu alijua huyo ndiye wa kuogopwa. Walter mwenyewe aliketi katikati yao kama mzigo, maana kijana anayeombewa mke haongei siku hiyo. Hata maji anaombewa.

Seline alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, sikio nje.

"Bwana Dalmas," Mzee Oduor alianza, "sisi tunapita tu. Kuna mtamba wetu amepotea, nyayo zimetuleta hapa."

"Mmepotea kweli," alisema baba yake. "Hapa Kaloleni kanso ya mji ilikataza kufuga ng'ombe."

Wote wakacheka mpaka Mama Adero. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri mno. Kuku ilikuwa tayari, samaki tayari, Selpha ameshaanza kusonga ugali ya pili. Halafu Seline akaitwa. Akapangusa uso, akafunga kile kitambaa kichwani, akaingia.

Kicheko kikakatika.

Mama Adero alifunika mdomo kwa mikono miwili. Akateremka kwa kiti, akavua viatu, akapiga magoti kwa simiti. Mzee Oduor akavua kofia, akainama akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Walter naye, macho yamemtoka, akavua vyake.

Seline akaangalia hizo soksi zote. Hakuelewa. Selpha, ambaye hakutaka kuonekana hana adabu, akadhani ndiyo desturi ya Nyakach, akarusha malapa yake chini ya meza. Mzee Dalmas alivua kiatu kimoja, akaona tundu kwa soksi, akabaki ameshika hicho kimoja mkononi.

"Mama," Mzee Oduor alimwambia Seline, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya hospitali, "hii nguo ulipewa lini?"

"Jana jioni."

"Jana tu! Na nani?"

"Na Mama Rehma."

"Huyo ni nabii wa wapi?"

"Si nabii. Ni fundi."

Mzee Oduor akatingisha kichwa kama mtu aliyesikia jambo zito. Mama Adero akauliza kutoka pale chini, "Na kabla ya kuivaa, uliiona kwa ndoto?"

Hapo ndipo Seline alipojimaliza. Alidhani ni swali la mpango, kama lile la kuwajua wageni, na ukiulizwa unajibu. Na kweli alikuwa ameiota, ile ya kwa picha. "Ndiyo. Mara mbili," alisema. "Nilikuwa ndani ya ziwa, pale Dunga, maji mpaka kiunoni, lakini nguo ilikuwa kavu. Watu wananiita kutoka ufuoni, na mimi siendi."

"Uliogopa?"

"Hapana. Nilikuwa nafurahi sana."

Mama Adero akaanza kulia.

"Bwana Dalmas," alisema Mzee Oduor akisimama, "mbona hamkutuambia? Huyu msichana wako ameshaposwa juu."

"Ameposwa?" Mzee Dalmas aliruka na kiatu chake. "Na nani? Juu wapi, huko milimani Kericho? Seline!"

"Baba, mimi sijui anasema nini!"

"Ni fasheni!" Walter alishindwa kuvumilia. "Baba Oduor, hiyo ni fasheni tu!"

"Nyamaza wewe! Kijana haongei."

Seline akasema basi ataenda kubadilisha nguo, dakika moja tu.

"Usivue!" Mzee Oduor alipaza sauti mpaka jirani akachungulia. Halafu akaeleza, pole pole, na kila neno lilimfanya Seline aone sakafu inazama. Katika kanisa lao, lile dogo la kule vilimani, kila kanzu ina kazi yake. Nyeupe ni ya wote. Kijani ni ya wanaoombea wagonjwa. Lakini hii rangi, na kola nyeupe, na kitambaa cha kichwa, ni ya mwanamke aliyeitwa na Mungu kwa ndoto, awe wake peke yake. Huyo haolewi. Akikaribia, watu wanavua viatu. Na akiivua hivi hivi bila maombi, nyumba itakayompokea haitalala usingizi.

"Sasa hamtakula?" Selpha aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe la siku hiyo.

"Mama, tutakulaje? Tumnyang'anye Nyasaye, Mungu mwenyewe?" alisema Mzee Oduor.

Seline alimtafuta Walter kwa macho. Walter alikuwa ameshika kichwa. Wakiinuka hawa watu sasa, wamemaliza, na Seline mwenyewe ndiye amewafukuza kwa mdomo wake. Alitaka kueleza juu ya jarida, na wafalme, na vidudu vya kusagwa, na kila alichotaka kusema kilionekana kitazidisha.

"Ngojeni," Mama Adero alisema akipangusa macho. "Nataka kuongea na msichana peke yangu."

Wakaenda jikoni. Ugali ilikuwa inapoa kwa sinia. Seline akatoa ule ukurasa kwa droo ya vijiko, akampa. Mama Adero akausogeza kwa dirisha.

"Na huyu pia aliitwa?"

"Hapana, Mama. Huyu anatangaza nguo."

"Anaonekana amefurahi."

"Ni kazi yake kufurahi."

Mama Adero akauweka chini. Alikaa kwa kigoda, akawa mdogo ghafla, si yule wa kuogopwa. "Nikiwa na miaka kumi na tisa niliona hiyo rangi siku tatu mfululizo. Kanzu yenyewe, imetundikwa kwa mti, inaningoja. Nikamwambia baba. Baba akasema, wewe una malaria. Akaniletea dawa, chungu, nikameza, ndoto ikaisha. Mwezi uliofuata nikaolewa." Alimtazama Seline. "Mpaka leo sijui. Ilikuwa Mungu ama ilikuwa malaria?"

Seline, na cheti chake chote, akafunika ile ugali kwa sahani.

"Dawa ilimaliza ndoto, ndiyo," Mama Adero aliendelea. "Lakini Mungu naye si anaweza tu kunyamaza? Kwa hivyo usiniambie mambo ya fasheni. Mimi sitachukua mtoto aliyeitwa nimtie kwa boma, hata kwa Walter, na Walter ni macho yangu. Usiangalie mlango. Niangalie mimi. Katika hiyo ndoto, Walter alikuwa kati ya wale wanaokuita?"

Seline akajaribu kukumbuka. Maji aliyaona. Nguo aliiona, kila mshono. Watu walikuwa kama miti, hawana nyuso. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Alifungua mdomo aseme ndiyo, na haikutoka.

"Hakuwa," alisema. "Walter sijawahi kumwota."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mama, hii nguo niliitaka mpaka nikaiota, na ona sasa, hata si ile niliyoiota, hata si ile ya picha, kila mtu anaiita jina lake na mimi mwenyewe sijui nimevaa nini. Lakini Walter namfikiria nikiwa macho. Nikipiga taipu. Nikiosha vyombo. Hakuna mtu alinituma. Kama Mungu aliniita, mimi sikusikia. Huyo wa Ahero ndiye namsikia."

Kitu kama kicheko kikampanda Mama Adero kifuani, akakizuia kwa leso.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," alisema. "Geuka nikufungue."

Aliomba kwanza, kwa Dholuo, haraka haraka, mkono juu ya kichwa cha Seline. Akafungua vifungo vya mgongoni kimoja kimoja. Seline akavaa gauni ya mama yake ya maua ya manjano, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango, pana kama hema. Mama Adero alikunja ile damu ya mzee mara nne, kola ndani, na kitambaa cha kichwa juu yake, akaifunga kwa gazeti.

"Mama, unaipeleka wapi?"

Mama Adero alikuwa ameshatoka, furushi kwapani.

Sebuleni Mzee Oduor alikuwa ameshashika kofia. Mama Adero akampita, akaketi mahali pake, akaweka furushi mapajani. "Msichana amesema anatujua," alisema. "Leteni chakula."

"Na ile kanzu?" Mzee Oduor aliuliza. "Na ndoto? Dada, tutasema nini kule nyumbani?"

"Nimemuuliza na amejibu. Wewe unataka kumuuliza Mungu au unataka kuku?"

Mzee Oduor akafikiria. Akaketi.

Wakala. Walter alikula kama mtu aliyetoka jela. Mzee Dalmas alikula akikunja uso, bado anatafuta kwa akili yake ni mwanamume gani wa Kericho. Mama Adero alikula kwa mkono mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa umelala juu ya gazeti, na mara moja Seline aliona kidole kimepenya kwa mkunjo, kinapapasa kitambaa pole pole.

Selpha alikuja na maji ya kunawa, akainama kwa sikio la binti yake. "Wewe, hawa watu wamekubali ama wamekataa?"

"Wanakula, Mama."

"Naona wanakula. Nauliza wamekubali?"

Seline alimtazama Walter, akamtazama Mama Adero na lile furushi.

"Wamekubali," alisema. "Nafikiri hata mimi nimekubali."