Shati la Ukurasa wa 112

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumanne, Orihara Chizuru alikuta swali la penseli pembeni mwa prufu, nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapwa, ya tafsiri yake: "Je, ni makusudi? Linganisha na riwaya yako, uk. 112." Msomaji prufu wa vitabu vyote viwili alikuwa mmoja.

Alilinganisha. Katika tafsiri, mjane wa Kihungari hufua shati la marehemu mumewe kila Jumapili. Katika riwaya, mjane wa mji wa Matsumoto, Japani, hufanya vivyo hivyo. Chizuru alikuwa ameandika aya hiyo akiamini anasimulia habari za mama yake mzazi.

Kitabu cha Kihungari alichokitafsiri kilitoka 1998, naye alikisoma mwaka huohuo. Baba yake alifariki 2003. Shajara ya Chizuru ya mwaka ule haikutaja shati.

Mhariri wake, Hamuro, aliyemwita Mwalimu kwa heshima, alikuwa sebuleni akisubiri prufu zote mbili.

"Mwalimu, kiwanda kinachapa kesho."

"Kunywa chai."

"Vikombe vinne tayari. Nitafika Tokyo nimekuwa birika."

Chizuru aliweka simu kwenye spika, akampigia dada yake, Sumie, aliyekuwa akitia figili chumvi.

"Dada, mama alikuwa anafua shati la baba baada ya msiba?"

"Ehee. Kila Jumapili. Lile la bluu."

"Uliliona kwa macho yako?"

"Wewe nawe! Si umeandika mwenyewe? Rasimu uliyonipa niliisoma nikalia."

"Kabla ya rasimu, ulikuwa unakumbuka?"

Upande wa Sumie, bomba la maji lilisikika likifungwa.

"Umenivuruga. Nadhani nilikuwa nakumbuka."

Riwaya haikutaja rangi ya shati. Kitabu cha Kihungari kiliitaja: bluu. Sumie hasomi Kihungari, na tafsiri ilikuwa bado haijatoka.

Chizuru alisoma kurasa zote mbili tena, kisha mara ya tatu.

"Basi shahidi unaye," Hamuro alisema. "Iache."

"Shahidi aliyesoma rasimu? Na mashati ya bluu ni mangapi Japani?"

"Mwalimu, sasa shati hilo ni lako au si lako?"

"Sijui. Ndiyo sababu siwezi kuiacha."

Sumie alikuwa bado kwenye simu. "Chizu, usimtoe mama humo. Nasema usimtoe."

Saa saba na dakika arobaini, Chizuru alikata mistari kumi na mmoja ya ukurasa wa 112 wa riwaya kwa wino mwekundu, akatia sahihi ya idhini pembeni.