Uwanja Uliofagiwa

Tangu Mwanarusi alipoikataa posa ya Chirau, kila alfajiri aliukuta uwanja wake umefagiwa, nyayo za mfagiaji zimefutwa kwa ufagio uleule. Majirani hapo Msambweni, waliomwona Chirau akipita na ufagio, walimsifu. Ati uungwana. Mwanarusi akaenda kituoni.

"Amekupiga?" askari akamwuliza.

"Bado."

"Amekutukana?"

"Anafagia, afande."

Askari akacheka mpaka kibendera kipya cha Uhuru kikatikisika mezani. "Bibiye, wenzako wanaomba wapate waume kama huyo. Akikugusa, rudi."

Mwanarusi akarejea nyumbani. Kufuli ilikuwa mlangoni vilevile alivyoiacha. Akafungua, akaingia chumbani, akasimama.

Sakafu ilikuwa imefagiwa hadi uvunguni, na ufagio umelazwa juu ya mto wake.