Bunduki Iliyolala Hemani

Baba yangu hakuwahi kunifokea maisha yangu yote, na upole huo nusura unitoe roho.

Nilipewa jina la mama yake, Ulluriaq, aliyefariki majira ya baridi niliyozaliwa. Kwetu huku kaskazini kwenye barafu, ukipewa jina la mtu, unapewa na nafasi yake. Tangu nikiwa mchanga baba ananiita Mama, na mama yangu mzazi akitaka kunichokoza huniuliza, "Mama mkwe, nikutilie sukari au leo umenuna?" Nikikosea, baba huangalia pembeni. Nani atamkaripia mama yake?

Siku tuliyoondoka kwenda kuwinda kulungu ng'ambo ya ghuba, baba aliweka bunduki mbili juu ya sleji, gari letu la kuburuzwa thelujini. Moja nzee, kitako kimefungwa waya, kila risasi unaivutia chuma kwa mkono. Ya pili mpya, inajipakia yenyewe, inang'aa mafuta.

"Mama, unabeba ipi?"

"Wewe ungebeba ipi?"

"Mimi?" Akakohoa. "Mama ndiye anachagua."

Chaguo lile halikuwa mchezo. Ng'ambo hakuna jirani, na dubu mweupe akikujia hakupi nafasi ya kujaribu tena. Nilimkodolea baba macho nione hata ukope ukicheza. Wapi! Nikachukua ile mpya, kwa kiburi tu, kwa kuwa kimya chake kiliniudhi.

"Haya," akasema.

Jioni tulipiga hema, tukawasha jiko. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji, nikaogopa itaingia mtutuni, basi nikaiingiza bunduki yangu ndani na kuilaza kando ya jiko. Baba aliiacha yake nje kwenye ala ya ngozi. Aliitazama yangu, akanitazama mimi, akafungua mdomo.

"Nini?" nikauliza.

"Hamna kitu, Mama. Kula."

Nilitafuna nyama iliyoganda bila kusikia ladha. Kuna kitu nilikuwa nimekosea, sikijui, na mtu pekee anayekijua alikuwa ananimiminia chai.

Asubuhi nilibeba bunduki nikaenda kukata barafu ya kuyeyusha. Nilikaa huko kitambo. Dubu akatokea nyuma ya matuta ya barafu, anakuja bila haraka, kichwa ameinamisha. Nikamlenga kifuani, nikafyatua. Tik. Joto la hemani lilikuwa limeifanya bunduki itoe jasho hadi ndani, na sasa jasho lile limeganda. Tik tena. Nikalia kama mtoto, "Babaaa!"

Mlio ukapasuka nyuma yangu na dubu akaanguka. Baba alikuwa amesimama mlangoni pa hema na ile nzee.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu jana?"

"Tangu nyumbani. Ile mpya imejaa mafuta, na mafuta hugandia ndani kwenye baridi hii. Halafu ulipoileta karibu na jiko, mwenzio sikupata usingizi."

"Na ukanyamaza!"

"Ningemwambiaje mama yangu kwamba hajui?"

"Mama yako alishakufa, baba! Aliyekuwa anakufa leo ni mimi!"

Aliketi chini kwenye theluji, machozi yanamtoka. Nilimwonea huruma, lakini hasira ilizidi.

"Nifokee," nikamwambia.

"Siwezi."

"Nifokee, la sivyo safari nyingine naenda peke yangu."

Akainuka.

"Bunduki," akaanza kwa sauti ndogo, "bunduki hai..." Akavuta pumzi, akapiga kelele mpaka barafu ikaitikia. "Bunduki hailazwi ndani, mjinga we!"

Kisha akajiziba mdomo kwa glavu.

"Nisamehe, Mama."