Matoka ya Mpakani

Nimefundisha watoto miaka thelathini na mmoja, nimefuta makamasi, nimeosha matapishi, na sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona mwezi wa pili mwaka huu katika bustani yangu mwenyewe, hapa Kianjokoma.

Kwanza muijue bustani. Ni kipande chembamba kando ya majani chai yangu, upande wa jirani yangu Ndambiri, upana wake hatua tatu tu. Watu wa huku hawapotezi udongo kwa kitu kisicholiwa, kwa hivyo walinicheka sana. Ati Mwalimu Ruguru anapalilia maua ambayo hata ng'ombe hayali. Wakacheka mpaka wakachoka, halafu wakaanza kuniletea maharusi wapigwe picha. Januari jua likiwaka nafunika mashina ya waridi kwa majani makavu na kuyamwagia maji ya kuoshea vyombo. Mvua ndefu ikianza dalia huamka, na kufikia Juni zimenifika kifuani, nyekundu na zile za rangi ya maziwa. Baridi ya Julai huleta konokono, nami huwaokota mmoja mmoja kwa mkono na kuwaponda kwa jiwe. Mvua fupi ya Oktoba ni ya kupanda vipandikizi. Tangu nistaafu sina kazi nyingine, na tangu mume wangu Gedion afariki sina mwenzi mwingine.

Mpaka wangu na Ndambiri ni matoka. Itoka, kwa asiyejua, ni yungiyungi lenye kitunguu kikubwa chini na ua jeupe juu, na wazee wetu hulipanda mpakani kwa sababu halifi kwa urahisi. Hati ya shamba ninayo, lakini hati haisemi mpaka umepita kwenye shina gani. Itoka ndilo husema. Huku unaweza kumpiga mtu, unaweza hata kumwibia kuku, mkakaa chini mkasameheana. Anayeng'oa itoka hutengwa.

Sasa, siku hiyo natoka kliniki Embu mjini, nafika nyumbani, nakuta mashimo. Kiangazi matoka hulala, majani yakakauka, kwa hivyo kazi ni rahisi. Ndambiri alikuwa amechimba vitunguu vyote vya mpakani akavipanda upya hatua tatu ndani, kwenye dalia zangu za upande wa majani chai. Viazi vya dalia vilikuwa vimekatwakatwa kwa jembe na kutupwa juani, vinavuja maji, vimejaa nzi. Na yeye amesimama pale pale, mzee wa kanisa, mbeba sahani ya sadaka, suruali imejaa udongo mpaka magotini.

"Ndambiri, umefanya nini?"

"Kilichopaswa kufanywa, Mwalimu."

Nilimtemea mate miguuni, mimi mwanamke wa miaka sitini na nne. Jumapili alipopitisha sahani mbele yangu niliirudisha noti yangu kwenye mkoba ili asiiguse. Akina mama wa kanisa niliwaambia wazi: mtu mzima ovyo huyo, amengoja Gedion aoze ndipo aje kumwibia mjane, na la kuvunda halina ubani. Wakaacha kununua maziwa kwake. Nilifurahi.

Wazee wa ukoo walikuja, wakiongozwa na Mutugi, mtu wa maneno machache. Alitazama mashimo, akatazama dalia, akasema tungoje mvua.

"Itoka halitoki lote," alisema. "Watoto wake hubaki udongoni. Wakiota watatuonyesha mama yao alikuwa wapi."

Hiyo ndiyo desturi, nami niliipenda kwa sababu nilijua itanipa haki. Wiki sita nililala na kuamka nikitazama mawingu.

Katikati ya Aprili Mutugi alirudi na wazee wawili. Kwenye mashimo ya mpaka vilikuwa vimetoka vijani vyembamba, kumi na kimoja. Nilivihesabu kwa sauti ili Ndambiri asikie.

"Chimbeni na hapa," Ndambiri alisema, akionyesha bustanini.

Mutugi alishika jembe mwenyewe. Alichimba chini ya vile vitunguu vilivyopandwa upya, akaenda kina cha mkono mzima, jembe likagota. Akaingiza vidole akatoa itoka kubwa kama kichwa cha mtoto, jeusi, maganda yake yameoza yanateleza kama makamasi, ndani bado jeupe na zima. Harufu yake ilinipanda puani. Shingoni lilikuwa na makovu ya panga, kovu juu ya kovu. Hatua chache mbele akapata lingine, kisha lingine, yamenyooka kama uzi.

"Haya aliyapanda baba yangu," Ndambiri alisema. "Mpaka ulihama nikiwa kibarua Mwea. Niliporudi nililalamika, lakini Gedion alikuwa karani wa chifu. Nani angenisikiliza?"

Mutugi alijipangusa mikono kwenye nyasi. "Gedion hayupo tumuulize. Haya huenda ni ya zamani sana, ya mpaka wa watu wa kabla yetu. Lakini vile vijani kumi na kimoja tumeviona sote. Kama hakuna shahidi, mpaka utabaki pale ulipokuwa. Mwalimu, una neno?"

Nilikuwa nimeshinda. Nilihitaji kusema sina, basi, niende nikapande dalia nyingine.

Lakini yale makovu hayakuwa ya Gedion. Gedion alihamisha mpaka siku moja tu, na matoka mengine yalikuwa kina kirefu yakamshinda. Kila masika yalichipuka ndani ya bustani aliyonipa niwe na furaha, na kila masika nilishuka na panga kabla Ndambiri hajaamka. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Itoka nalijua tangu sijajua kusoma. Nilijiambia ni magugu, miaka thelathini.

"Ni mimi niliyekuwa nikiyakata," nikasema. "Gedion alihamisha mpaka. Mimi nikayakata yaliyobaki, na madogo nikayang'oa."

Hakuna aliyenikemea. Mutugi aliuliza kwa upole, "Na hayo uliyoyang'oa uliyazika wapi? Itoka likitoka hurudishwa udongoni."

"Niliyatupa chooni."

Mzee mmoja alivuta mguu wake nyuma. Ndambiri aliziba pua kwa kiganja, akanipa mgongo, akaanza kushindilia udongo kwa kisigino kuzunguka matoka yake, na wazee wakaenda kumsaidia.