Kiondo Hakisafiri Kitupu

Mimi nikikasirika siongei, napiga kelele. Mwaka wa themanini na nne, siku ile barua ya kampuni ya kadi ilipofika dukani kwangu hapa Voi, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliacha sindano yake akaja kuuliza nani amekufa.

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Lakini kuna mama mmoja Ujerumani, ashukuru Mungu yuko mbali!"

Nilikuwa nauza vyondo na vinyago kwa watalii wanaopitia hapa wakienda kuona ndovu. Wengi walilipa taslimu, ila wachache walikuwa na kadi za kulipia, na kwa ajili yao nilipewa kimashine cha chuma. Unaweka kadi, unaweka karatasi juu, unasukuma mkono wa mashine, krrr, inatoka nakala tatu. Moja ya mteja, moja ya benki, moja ya kubaki dukani. Mteja anatia sahihi, basi, pesa zinakuja baadaye.

Bi. Rottmann alikuja mwezi wa tano, akapenda vyondo vya Makwasinyi, akaagiza sitini vitumwe kwao kwa meli. Shilingi elfu saba na mia mbili! Akatia sahihi, tukakumbatiana kama ndugu. Sasa barua inasema mama huyo amelalamika kwamba hakupokea hata kimoja, anataka pesa zake. Nisipojibu kwa ushahidi ndani ya siku kumi na nne, benki itazikata kwenye akaunti yangu. Barua yenyewe ilikuwa imezurura njiani siku tisa.

Pesa zile hazikuwa zangu. Vyondo vile vilisukwa na akina mama kumi na wawili wa Makwasinyi, ambao walikuwa wanajenga tangi la maji kwa sababu walichoka kubeba mitungi kutoka mbali. Nusu nilikuwa nimewapa, wakanunua simiti. Nusu nyingine ilikuwa bado benki, na mkubwa wao, Mama Wakesho, alikuwa anakuja Jumamosi kuichukua wakanunue mabati. Ningemwambia nini? Arudishe simiti iliyokwisha kuwa ukuta?

Nikachukua kalamu. Nilikuwa nimefika "Wewe mama ni mwizi na Mungu anakuona" wakati Mzee Obadiah alipoingia. Huyu alikuwa karani wa mizigo stesheni miaka thelathini. Alishastaafu, ana shamba lake Chawia, lakini kila wiki anashuka Voi kuhakikisha treni zinapita bila yeye. Akasoma nilichoandika, akakikunja taratibu, akakitia mfukoni.

"Hasira hasara, Mama Kimeu. Hawa hawakukuuliza kama umekasirika. Wamekuuliza karatasi."

"Baba Mable," nikamlilia Mzee, "mimi nimedhulumiwa!"

"Najua. Lete karatasi."

Akavuta kiti, akaisoma barua ya kampuni mara mbili. Wanataka vitu viwili, akasema: risiti ya kusafirisha mzigo, na ile nakala ya duka yenye sahihi ya mteja. Risiti ya stesheni niliipata upesi, na muhuri wake mkubwa wa rangi ya zambarau. Mzee aliutazama ule muhuri kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Nakala ya duka sikuiona.

Nilipekua kopo la biskuti ninamoweka nakala. Nikapekua Biblia, droo, chini ya godoro. Ijumaa nzima. Halafu nikamgeukia Ngina, msaidizi wangu dukani, mama mzima wa watoto wawili.

"Ngina, wewe ndiye unafagia. Umeitupa!"

"Dada Syombua, mimi sijawahi kutupa karatasi yako yoyote."

"Basi imeota miguu?"

Alifunga leso yake, akaenda zake nyumbani saa nane mchana, bila kunywa chai. Nilijua nimekosa, lakini mdomo wangu haukuwa na breki.

Jumamosi asubuhi, Mama Wakesho akashuka kwenye lori la Kasigau na vyondo ishirini vipya, uso wote kicheko. Alikuwa ameniletea ndizi. Mzee Obadiah alikuwa ameketi tayari, anaandika jibu kwa mwandiko wake wa stesheni. Ngina alikuja pia, lakini alikuwa anapanga vinyago akiwa amenipa mgongo.

"Fundi anasema Jumatatu anaezeka," Mama Wakesho akasema. "Tumeshapika maandazi ya sherehe kwenye mawazo tu."

Nikashindwa kumtazama. Nikavuta vyondo vyake nikaanza kuvijaza karatasi, maana marehemu mama yangu alinifundisha kwamba kiondo hakisafiri kitupu. Kikisafiri kitupu kinabonyea, na kilichobonyea hakinunuliwi. Kwa hiyo karatasi yoyote inayokaa karibu nami, gazeti, kalenda, bahasha, naikunjakunja naisokomeza ndani. Mikono inafanya yenyewe huku mdomo unaongea.

"Mama Wakesho," nikaanza, "kuna jambo kuhusu zile pesa," na huku nasokomeza.

"Ngoja kwanza," akanikatiza. "Mbona unaniweka ndani ya kiondo?"

Akatia mkono, akaitoa karatasi, akainyoosha juu ya paja. Mama Wakesho hakusoma sana shule, lakini jina lake analijua. Kidole chake kilikuwa juu yake. *Wakesho 14. Jedidah 11. Gertrude 12.* Mwandiko ulikuwa wangu.

"Hii umeitoa wapi?" Mzee Obadiah akaruka, kweli aliruka, na magoti yale.

Nilikuwa nimeitoa kwenye bahasha ya kampuni. Nyuma ya barua walikuwa wamebana fotokopi ya ushahidi wa Bi. Rottmann, upande wa mbele na wa nyuma, na mimi kwa hasira sikuufungua. Uongo nausomea nini? Mzee naye nilimpa barua peke yake.

Tukaigeuza. Mbele kuna sahihi ya Bi. Rottmann, na chini yake yamechapwa maneno kwamba hiyo ni nakala ya kubaki dukani. Nyuma kuna hesabu yangu, nani kasuka vyondo vingapi, kwa sababu huwa naiandika hapo ili nisikosee kugawa.

"Hii ndiyo nakala yako," Mzee akasema. "Imefikaje Ujerumani?"

Nikatazama mikono yangu. Bado ilikuwa imeshika gazeti nusu ndani ya kiondo.

"Aka!" nikasema. "Ngai! Ni mimi!"

Ngina akageuka. Akatutazama, akaitazama karatasi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini na kinyago cha twiga mkononi. Mama Wakesho akacheka kwa kuwa Ngina anacheka. Mzee Obadiah hakucheka. Alikuwa anaongeza mstari wa mwisho kwenye barua yake, akatusomea: "Karatasi aliyowaletea ilitoka Voi ikiwa ndani ya kiondo. Kama kiondo hakikufika, karatasi ilifikaje?"

Tulifika posta dakika kumi kabla ya kufunga, tukaituma kwa rejista. Siku hiyo nilimweleza Mama Wakesho kila kitu. Alisikiliza, akamenya ndizi, akaniambia mabati yatangoja kidogo, mvua yenyewe bado.

Wiki ya tatu jibu likaja. Madai yamefutwa. Kumbe kaka yake Bi. Rottmann ndiye aliyepokea mzigo, akautia stoo asiseme neno, na ile karatasi iliyodondoka kutoka kwenye kiondo akampa dada yake akidhani ni risiti yake ya ununuzi. Mama wa watu hakuwa mwizi. Nilikuwa nimemwita hivyo mara mia, na nilimwandikia kumsalimu.

Tangi liliezekwa kabla ya mvua. Nilikwenda Makwasinyi na Ngina, tukala maandazi ya kweli. Huko, mbele ya akina mama wote kumi na wawili, nikamwomba msamaha kwa sauti ileile niliyomkosea nayo.

"Nimekusamehe, dada," akasema. "Lakini lile kopo la biskuti nimelitia kufuli."

"Vizuri. Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi," akasema, na mpaka leo sijawahi kuushika.